Boya la Wavu na Boya la Mvuvi



Katika Sura Fatir, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametutajia maji ya aina mbili yasiyolingana, matamu yanayonyweka na yale ya chumvi kali, kisha akatukumbusha kwamba kutoka yote mawili tunapata kitoweo. Sisi wa pwani tumelelewa na hayo ya chumvi. Lakini jamaa zetu wameenea, alhamdulillah. Wapo walioolewa Homa Bay, wapo wenye biashara Migori mjini, na wapo walioungana na Waislamu wa siku nyingi wa Kendu Bay, ambao msikiti wao unaitwa Tawakal. Wengi wao wameikuta kazi ya samaki mlangoni, na baadhi wametia fedha zao ndani yake. Ndiyo sababu juma hili tumeona tuzungumze juu ya kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote katika kazi hiyo, nacho ni boya.

Huenda mama msomaji akajiuliza boya linamhusu nini, ilhali wanaoingia majini wengi wao ni wanaume. Linamhusu kwa sababu ya mtaji. Katika madiko mengi ya Ziwa Viktoria, mwanamume huvua, na mwanamke hununua, hukausha, hukaanga na kuuza. Asiye na mashua wala wavu hutegemea hisani ya mwenye navyo, na hisani hiyo mara nyingine imetozwa bei ya haramu. Ipo desturi mbaya, wenyeji huiita jaboya, ambayo mvuvi humpa mchuuzi wa kike samaki kwa sharti la kuuvunja utu wake. Maradhi na huzuni zilizotokana nayo zimeziumiza familia nyingi za kandokando ya ziwa. Miongoni mwa dawa zake ni mwanamke kumiliki chombo chake mwenyewe. Huko Nduru, katika kaunti ya Kisumu, akina mama walianza kuishika njia hiyo mwaka 2011, wakapata mashua zao na kuwaajiri wavuvi. Basi mwanamke anayenunua wavu ili riziki yake iwe halali na heshima yake isalimike, hana budi kujua ni kitu gani kinachoushikilia wavu huo usipotee.

Mizani ya juu na chini

Wavu wa kutega husimama majini mfano wa pazia. Juu una kamba yenye maboya, chini una kamba yenye chubwi. Maboya huvuta kwenda juu, chubwi huvuta kwenda chini, na wavu hutanda katikati yao. Nguvu ya maboya ikizidi ile ya chubwi, wavu huelea. Ikipungua kidogo, wavu hutua chini lakini hubaki umesimama wima. Ikipungua sana, wavu hulala matopeni, hujiviringa, na asubuhi mvuvi huvuta kamba yenye magugu badala ya samaki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya boya, uliza kwanza wavu utategwa wapi na kwa samaki gani. Ngege hutegewa karibu na ufuo. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, hufuatwa mbali zaidi, kwenye maji ya kina.

Hesabu yake haihitaji elimu kubwa. Chupa tupu ya lita moja, ikifungwa sawasawa na kuzamishwa yote, hubeba karibu kilo moja. Jiwe nalo likiingia majini hupungua uzito, na jiwe la kilo moja huvuta kama gramu 600 hivi. Risasi haipungui sana, kwani kilo yake moja hubakia takriban gramu 900. Kwa hiyo mwenye wavu akiyaondoa mawe na kutia risasi ya uzito uleule bila kuongeza maboya, wavu uliokuwa ukielea utazama. Wengi hulaumu mkondo, na wengine hulaumu jicho la hasidi, kumbe ni mizani tu iliyogeuzwa.

Hapa pia pana jambo linalotuhusu hasa sisi watu wa pwani. Boya husukumwa juu kwa kiasi cha uzito wa maji linayoyapisha, na maji ya chumvi ni mazito kuliko matamu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 1,025, na lita moja ya maji ya ziwa ina gramu 1,000. Tofauti ni sehemu moja katika 40. Ni ndogo kwa boya lenye nafasi ya ziada, lakini ni kubwa kwa boya lililokadiriwa bila akiba. Wavu uliofungwa Vanga au Shimoni ukaelea vizuri huko, unaweza kuzama Mbita ukiwa na maboya yaleyale na chubwi zilezile. Anayepeleka zana za pwani ziwani, kama anataka wavu wa kuelea, na aongeze boya moja kwa kila kumi, kisha ajaribu karibu na nchi kavu kabla ya kuutupa mbali.

Ghuba na ziwa wazi

Homa Bay na Kendu Bay zimo ndani ya Ghuba ya Winam, ambako maji si ya kina kirefu na nchi kavu huzuia sehemu ya upepo. Adui wa huko ni gugumaji, lililoingia upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gugu hilo hujikusanya likawa kama jamvi, upepo ukalisukuma kutoka upande mmoja hadi mwingine, na chochote kinachosimama juu ya maji hukokotwa nalo. Kwa hiyo boya la alama, lile linaloonyesha mwisho wa wavu ulipo, liwe la mviringo, laini, lisilo na vishikio wala kona za kunasa mizizi. Dumu lenye mkono huwa rahisi kuonekana, ila pia huwa rahisi kukokotwa.

Ukitoka kwenye ghuba ukaelekea kisiwa cha Mfangano, au ukashuka hadi Sori na Muhuru Bay katika kaunti ya Migori, hapo umefika kwenye ziwa lililo wazi. Mawimbi yake hayana tofauti kubwa na ya bahari, na boya dogo la alama hupotea nyuma ya wimbi. Linalofaa huko ni boya lenye ufito uliopita katikati, juu pamefungwa kitambaa cha rangi kali na chini pamefungwa uzito wa kuusimamisha. Wapo wanaoficha maboya yao chini ya maji kwa kuogopa wezi wa nyavu, na wizi huo upo. Lakini boya lililofichwa halionekani na nahodha wa mashua ya injini pia, na rafadha yake hukata kamba bila yeye kujua. Ni heri boya lionekane na liwe na alama ya mwenyewe iliyoandikishwa kwa wasimamizi wa diko, wale wa kikundi cha BMU, ili likipatikana mikononi mwa mtu mwingine pawe na ushahidi.

Maboya ya kuokoteza

Maboya yanayotumika zaidi ni yale yasiyogharimu kitu, kama vipande vya ndara kuukuu, chupa za plastiki, na vipande vya ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa bidhaa. Wazee wa ziwani walitumia mti mwepesi sana uotao kwenye majimaji, ambao wataalamu huuita Aeschynomene elaphroxylon. Kila kimoja kina kasoro yake.

Chupa hudanganya. Juu ya maji ni imara, lakini ukiizamisha mita 10 hivi, msukumo unaoibana huwa karibu mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyomo hubanwa ikakaribia nusu. Chupa hujikunja, nguvu yake ya kubeba hupungua, na ikipata ufa mdogo hujaa maji. Kwa hiyo chupa iwe boya la juu, isifungwe kwenye wavu wa kutua chini. Plastiki nyeupe humeguka ikawa chembechembe, na samaki humeza chembe hizo. Mti hunywa maji polepole na kuwa mzito, isipokuwa ukaushwe na kupakwa rangi kila msimu. Ndara hudumu zaidi, ila vipande viwe vya unene mmoja na vifungwe kwa mafundo mawili, maana vikikatika huwa taka. Tunaijua taka hiyo vizuri. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa ndara za rangi zote, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, na mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Viktoria kutoa funzo hilohilo.

Mwenye uwezo na anunue maboya magumu ya dukani yaliyotengenezwa kwa ajili ya kina. Asiye na uwezo na ayajaribu yale aliyonayo. Jaribio hili linafanyika nyumbani. Lifunge boya pamoja na jiwe linaloweza kulizamisha, litie ndani ya pipa la maji usiku kucha, na asubuhi lipime. Likiwa zito kuliko jana, linakunywa maji. Kina mama walizoea kupima mchele na unga kwa macho na mizani, na boya halina ugumu kuliko hayo.

Taa ya omena na chelezo cha mshipi

Kuna boya jingine linalowahusu wanunuzi wa omena, yaani dagaa wa ziwani. Omena huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi huziweka taa juu ya vielea, huziacha zikusanye samaki, kisha huwazungushia wavu wenye matundu madogo. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua zimeenea. Kielea cha taa kiwe kipana kuliko kimo chake, na uzito wote ukae chini, kwani kirefu chembamba hupinduka kwa wimbi la kwanza. Taa ikizama, mkopo ulioinunua hauzami nayo. Tukumbushane pia kwamba upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Miezi hiyo ndiyo wakati mwafaka wa kukarabati vielea na maboya.

Na kwa vijana wanaovua ngege kwa mshipi ufuoni, chelezo chao kiwe kidogo kadiri kinavyoweza kubeba chubwi na chambo. Samaki akivuta chambo akahisi uzito wa chelezo, hukitema. Kipande cha tete au cha bua la mafunjo chatosha penye maji matulivu. Penye viwimbi kiwe kinene kidogo ili kionekane. Kisawazishwe kwa chubwi hadi ibaki ncha tu juu ya maji, na hapo hata mguso mwepesi utaonekana.

Boya la kiumbe

Tumesema mengi juu ya kinachoubeba wavu. Lipo boya moja ambalo katika mashua nyingi halipo kabisa, nalo ni la kumbeba mtu. Mwenye mashua huhesabu maboya ya wavu moja baada ya jingine, kisha huwatuma watu wanne ziwani usiku bila jaketi hata moja la kuokolea maisha. Wavu ukipotea hununuliwa mwingine. Mvuvi akipotea, nyumbani hubaki eda na mayatima.

Wengine husema mvuvi anajua kuogelea. Tuirudie ile hesabu ya chumvi. Mtu wa kilo 70 akiwa ziwani hukosa msaada wa karibu kilo 1.7 ambao maji ya bahari yangempa. Si kidogo, kwa sababu kilo chache tu ndizo zinazotofautisha kichwa kilicho juu ya maji na kilicho chini. Kijana aliyekulia Kilindini au Lamu, akijiona hodari, atakuta maji ya Muhuru Bay hayamchukui kama alivyozoea. Tena dhoruba nyingi za Ziwa Viktoria huja usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wamo kazini.

Wengine husema nchi kavu iko karibu. Feri ya Mtongwe ilipinduka tarehe 29 Aprili 1994, hatua chache tu kutoka ufuoni, na watu 272 wakafariki. MV Nyerere ilipinduka karibu na gati ya Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 200 wakafa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ukaribu wa nchi haukuwafaa kitu wale ambao hawakuwa na cha kuwaelesha.

Jaketi huchaguliwa kwa kanuni zilezile za boya la wavu, yaani mzigo na maji. Lebo yake huonyesha uzito wa mtu anayefaa kulivaa, na nguvu yake kwa kipimo cha nyutoni. Nyutoni 10 ni sawa na kubeba takriban kilo moja. La nyutoni 50 ni msaada kwa anayejua kuogelea na aliye karibu na waokoaji, wala halimgeuzi aliyezimia. La 100 linafaa maji yaliyositirika kama ya ghuba. La 150 ndilo la maji ya wazi, kama yale ya Mfangano na Muhuru Bay. Liwe na ukosi wa kuinua kichwa, rangi ya machungwa au njano, na filimbi. La mtoto liwe na mkanda upitao katikati ya miguu. Mvalishe, kisha mwinue kwa kulishika jaketi mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, na majini atachomoka ndani yake.

Kwa akina mama wanaovuka kwenda visiwani, jaketi huvaliwa juu ya buibui, na mikanda ikazwe. Lisifunikwe na mtandio, kwa kuwa rangi yake ndiyo itakayomwita mwokoaji. Sitara haipungui kwa kulivaa. Lisifanywe mto wala kiti, kwa sababu kukaliwa hulibana likapoteza nguvu. Zamani majaketi yalijazwa sufi, ileile tunayojazia mito, na yalipochanika sufi ikalowa, hayakuwa na faida tena. Ya leo nayo yana umri wake. Kila mwaka yatiwe majini yajaribiwe, na lililochanika au kubabuliwa na jua litupwe.

Na kama fedha haijatosha, mashua isiondoke na watu bila chochote. Dumu tupu la lita 20, kifuniko chake kikiwa kimekazwa, linaweza kubeba karibu kilo 19, na watu zaidi ya mmoja wanaweza kulishikilia. Lifungwe kamba ya kushikia, kwani mikono huchoka. Hiyo ni dharura tu na haichukui nafasi ya jaketi, kwa sababu aliyepigwa na mlingoti au aliyeishiwa nguvu hawezi kushikilia dumu.

Ushauri wetu kwa kila mwanamke mwenye hisa katika mashua ni huu. Unapoandika orodha ya manunuzi, yaani wavu, kamba, chubwi na maboya, andika majaketi kwenye orodha hiyohiyo, kwa idadi ya watu watakaopanda. Wala usikubali chombo chako kitoke kabla hujayaona yamevaliwa. Wewe ndiye mwenye mali, na neno lako lina nguvu. Vikundi vya akiba vya akina mama vinaweza kuchanga na kununua kwa pamoja, jaketi moja baada ya jingine, kama tunavyochangiana vyombo vya harusi.

Yule Bedui aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, alielekezwa amfunge kwanza kisha ategemee. Mvuvi ana kamba yake ya kufunga, nayo ni ile mikanda ya jaketi. Akishaifunga, na apige bismillahi aingie ziwani, na aliye nyumbani amwombee.

Mola awarejeshe salama wavuvi wetu wote wa maji ya chumvi na ya maji matamu, awape riziki ya halali, na awahifadhi wanaowangojea. Amin. Wabillahi tawfiq.